Hamamu za Kidichi na Hesabu ya Manukuu

Kila ninapowapeleka wanafunzi kwenye hamamu za Kidichi, ambazo Seyyid Said alizijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, huwaomba wamsikilize kwa makini mwongoza watalii. Hataji kitabu wala mwandishi. Hata hivyo, anapoeleza kuwa mashamba ya mikarafuu yalistawi kwa jasho la watumwa, na kuwa utajiri wa Unguja ulifungamana na masoko ya ng'ambo, anasimulia hoja ambayo Profesa Abdul Sheriff aliijenga kwa ushahidi katika kitabu chake cha mwaka 1987, *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar*. Nukuu hiyo ya mdomo haihesabiwi popote.

Hesabu ya manukuu ina historia yake. Mwaka 1955, Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la *Science* faharasa ya kuonyesha nani amemnukuu nani. Shabaha yake kubwa ilikuwa kumwezesha mtafiti kufuata nyayo za wazo. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo cha h: mwenye h ya 10 ana kazi 10, kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Taratibu, taa ya kumulikia maktaba ikageuzwa mizani ya kupimia watu na vyeo vyao.

Mizani hiyo ilizoea majarida, hasa ya Kiingereza. Haikuzoea vitabu vya pamoja, kama ule wa mwaka 1991 kuhusu Zanzibar chini ya ukoloni, ambao Sheriff aliuhariri na Ed Ferguson, au ule wa mwaka 1995 kuhusu historia na hifadhi ya Mji Mkongwe. Wala haina safu ya kuandika miaka aliyoitumikia makumbusho ya Zanzibar. Ushirikiano wa mwanazuoni na jamii yake hauonekani humo.

Hasara yake si ya mtu mmoja. Mhadhiri kijana akijua kuwa makala yake ya Kiswahili kuhusu wachumaji karafuu haitampandisha daraja, ataiandika kwa Kiingereza, au ataiacha. Watu wa Kidichi watabaki kuwa mada ya utafiti wasioweza kuusoma.

Sisemi tuzitupe namba. Zinaweza kumzuia mwenye cheo asimpendelee jamaa yake. Lakini Azimio la San Francisco, lililoanza kuandaliwa mwaka 2012, limekwisha kuonya kuwa umaarufu wa jarida usitumiwe kumpima mtafiti mmoja mmoja. Basi kamati zetu za vyeo ziisome kazi yenyewe kabla ya kuihesabu, kisha ziulize: imebadili nini katika ufahamu wetu, imeandikwa pamoja na nani, na wanaozungumziwa humo wameweza kuisoma?