MKIA WA MBUZI NA PICHA YA NG'OMBE: HISTORIA YA LEBO NA AMANA SOKONI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba wake.

Darsa la leo limetokana na swali ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja hapa Songea, na wengine mmeniandikia kutoka mikoa mingine. Swali ni hili: "Sheikh, dukani kuna nyama imeandikwa ng'ombe aliyelishwa majani, na maziwa yameandikwa asilia, na pembeni kuna alama ya halali. Bei yake iko juu kuliko ya bucha la mtaani. Je, nikilipa hiyo bei nimenunua kitu au nimenunua maneno?"

Kabla ya kujibu, twende kwenye historia. Jambo hili si geni.

1. MADINA: KIWELE KILICHODANGANYA

Lebo ni chochote kinachomwambia mnunuzi habari ya bidhaa kabla hajaijua mwenyewe. Kwa Waarabu wa zamani, lebo ya mbuzi au ngamia wa maziwa ilikuwa kiwele chake. Muuzaji akitaka bei nzuri alimfunga mnyama chuchu, akamwacha siku mbili tatu bila kumkamua, kiwele kikajaa, kisha akampeleka sokoni. Mnunuzi akaona kiwele, akalipa. Akifika nyumbani akakamua mara ya kwanza, akafurahi. Mara ya pili, hakuna kitu.

Tazameni hapa: muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza, akaacha kiwele kiseme uongo kwa niaba yake.

Mtume (s.a.w.) alikataza hilo. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo ana hiari baada ya kumkamua: akiridhika abaki naye, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Wanazuoni huliita jambo hili taswiriya, na wamechukua humo kanuni kubwa: kumfanya mtu aamini jambo lisilokuwepo ni udanganyifu, hata kama mdomo haukutamka.

Na wengi mnakumbuka habari ya lundo la nafaka. Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si katika yeye. Mvua haikuwa kosa la yule bwana. Kosa lilikuwa kuweka kikavu juu na kibichi chini.

Jambo la tatu linahusu chakula cha mnyama moja kwa moja. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume alikataza kula nyama na kunywa maziwa ya jallala, yaani mnyama ambaye chakula chake ni najisi na uchafu. Wanazuoni wakaeleza kwamba mnyama huyo hufungiwa na kulishwa chakula kisafi mpaka atakasike. Baadhi ya Mashafi wametaja siku: ngamia 40, ng'ombe 30, mbuzi na kondoo 7, kuku 3. Wengine wakasema kipimo si siku, bali ni kuondoka kwa athari ya uchafu katika nyama. Kwa hiyo anayeuliza "huyu mnyama alilishwa nini?" anauliza swali la dini yake, wala si la watu wa mijini wenye hela za kuchezea.

2. MUHTASIB NA MKIA WA MBUZI

Miji ya Kiislamu ilipokua, amana ya moyo peke yake haikutosha, ikawekwa kazi ya muhtasib, msimamizi wa soko. Vikaandikwa vitabu vya kumwongoza. Kimoja maarufu ni cha Abdurrahman bin Nasr ash-Shayzari, wa nchi ya Sham katika karne ya 12.

Humo wauza nyama wanatakiwa wasichanganye nyama ya mbuzi na ya kondoo, kwa sababu ya kondoo ilikuwa na bei kubwa zaidi. Nyama ya mbuzi itiwe alama ya zafarani, na mkia wa mbuzi uachwe ukining'inia kwenye nyama yake mpaka kipande cha mwisho kiuzwe. Mnunuzi asiyejua kusoma anaona mkia, anajua anachonunua.

Kwa maziwa wakaweka kipimo cha unywele. Unachovywa ndani ya maziwa kisha unatolewa. Maziwa yakishika kwenye unywele, ni safi; yasiposhika, yametiwa maji. Leo afisa anatumia laktomita kupima uzito wa maziwa, na maziwa halisi ya ng'ombe husoma takriban 1.028 hadi 1.032. Chombo kimebadilika, swali ni lile lile.

Natija ya hapa ni hii: lebo njema ni ile ambayo muuzaji hawezi kuigeuza bila kuonekana. Mkia umeshikamana na nyama. Neno "asilia" halijashikamana na chochote.

3. ULAYA NA MAREKANI: RANGI YA MANJANO NA MKOKOTENI WA MAZIWA

Ng'ombe anayekula majani mabichi hutoa siagi ya manjano, kwa sababu ya karotini iliyomo kwenye majani. Ulaya wakati wa baridi kali ng'ombe walikula nyasi kavu, siagi ikawa nyeupe. Wanunuzi walikwishajua kwamba manjano ndiyo dalili ya malisho mazuri. Watengenezaji wakafanya nini? Wakatia rangi: maji ya karoti, na mbegu za mzingifuri. Uingereza hata jibini iliyotolewa mafuta ilipakwa rangi ionekane imetokana na maziwa mazito ya majani mabichi. Alama ya kweli ilipojulikana, ikaigwa.

Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès akavumbua majarini, mafuta yaliyofanana na siagi. Kuvumbua si dhambi, na mafuta ya bei nafuu yaliwasaidia maskini. Lakini wafanyabiashara wa Uingereza waliiuza kwa jina lililokaribiana mno na siagi, mpaka sheria ya mwaka 1887 ikawalazimisha waiite majarini. Na sisi je? Mpaka leo mtu anakwenda dukani anasema "nipe siagi", anapewa Blue Band, ambayo ni majarini ya mafuta ya mimea. Hapo mwenye kiwanda hajatudanganya. Sisi ndio tumelihamisha jina. Majina yakihama, udanganyifu hupata njia.

New York katika karne ya 19 kulikuwa na mabanda ya ng'ombe yaliyojengwa kando ya viwanda vya pombe. Ng'ombe walilishwa machicha ya moto yaliyobaki baada ya kutengenezwa pombe, wakiwa wamefungwa gizani, wagonjwa. Maziwa yao yalikuwa mepesi, yakatiwa chaki na vitu vingine yaonekane meupe. Kisha yakapakiwa kwenye mikokoteni iliyoandikwa kwamba ni maziwa safi ya shamba! Mwaka 1858 gazeti la Frank Leslie liliwaanika wauzaji hao kwa habari na michoro. Madaktari walikuwa wameyahusisha maziwa hayo na vifo vya watoto wachanga. Mama alilipa fedha yake akiamini anamnywesha mwanawe maziwa ya ng'ombe wa malishoni.

Tusogee karibu. Mwaka 2007 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliweka kiwango cha hiari cha maneno "kulishwa majani": mnyama ale majani na malisho maisha yake yote baada ya kuacha kunyonya. Januari 2016 idara iliyoweka kiwango hicho ikakiondoa. Maneno yakabaki kwenye pakiti, lebo zikiendelea kuidhinishwa, lakini kipimo kimoja cha wote hakikuwepo tena. Na jueni kwamba huko karibu kila ndama huanza maisha akila majani; tofauti hutokea miezi ya mwisho, wengi wanapopelekwa kunenepeshwa kwa nafaka. Kwa hiyo mtu anaweza kusema "alilishwa majani", ikawa kweli ya mwanzo wa maisha na si ya mwisho.

Na Januari 2013, mamlaka ya chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya kupima aina 27 za baga zilizouzwa kama nyama ya ng'ombe. Aina 10 zilikutwa na vinasaba vya farasi, na 23 vinasaba vya nguruwe. Hizo ni nchi zenye maabara, wakaguzi na mahakama. Mwenye akili na azingatie.

4. KWETU RUVUMA NA TANZANIA

Ruvuma haikuwa nchi ya ng'ombe wengi kama Usukumani. Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835 walikuwa watu wanaothamini ng'ombe. Lakini vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata viliacha mashamba matupu, pori likarudi, na mbung'o ni adui wa ng'ombe. Miaka ya karibuni, baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, tumewaona wafugaji wengi zaidi wakija kusini.

Hoja yangu ni hii. Ng'ombe walio wengi Tanzania ni wa asili, na wanachungwa kwenye malisho ya asili. Nyama ya bucha la kawaida mara nyingi ni ya ng'ombe aliyekula majani maisha yake yote, akatembea kwa miguu. Sasa mtu akikuuzia "nyama ya majani" kwa bei ya juu, muulize: tofauti na ipi? Huenda analo jibu, kwamba amechagua malisho, amehifadhi kwenye ubaridi, amekata vizuri. Hiyo ni kazi halali na ina bei yake. Lakini kama tofauti ni kibandiko tu, umeuziwa kiwele kilichofungwa chuchu.

Upande wa pili, kuchungwa nje si ushahidi wa usafi. Ng'ombe na mbuzi wa mjini wanaozurura dampo, wakila taka na plastiki, nao "wanajitafutia wenyewe". Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini taka hazijaisha. Hapo ndipo mlango wa jallala unapofunguka, hata kama picha kwenye pakiti ina bonde la kijani.

Na kwa maziwa: ng'ombe wa maziwa wa majumbani hulishwa majani ya tembo pamoja na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Hilo si haramu wala si aibu. Aibu ni kusema "majani tu". Ni sawa na kuku chotara anayeuzwa kwa jina na bei ya kienyeji. Chotara ni halali. Uongo ndio haramu.

Sheria ipo. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umehamia kwake kutoka iliyokuwa TFDA. Kuna Bodi ya Maziwa kwa sheria ya 2004, Bodi ya Nyama kwa sheria ya 2006, na Tume ya Ushindani, FCC, inayomlinda mlaji dhidi ya taarifa za kupotosha. Lakini mkaguzi hawezi kukaa jikoni kwako.

5. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tenganisha alama. Alama ya halali inazungumzia uchinjaji na viungo. Muhuri wa afisa mifugo kwenye nyama unazungumzia afya ya mnyama. Alama ya TBS inazungumzia kiwango. Hakuna hata moja inayokuambia peke yake kwamba ng'ombe alikula majani.

Pili, geuza pakiti. Mbele ni tangazo, nyuma ndiyo habari. Soma orodha ya viungo. Ukikuta maziwa ya unga au mafuta ya mimea, basi ng'ombe wa kwenye picha hahusiki kama ulivyodhani. Angalia jina la mtengenezaji, anwani, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda.

Tatu, uliza maswali yenye jibu: Alikula nini miezi ya mwisho? Alitoka wapi? Nani amethibitisha? Muuzaji mkweli hakasiriki akiulizwa.

Nne, usimtuhumu mtu bila ushahidi. Dhana mbaya nayo ni dhambi. Ukiwa na ushahidi, peleka kwa wenye mamlaka. Usimchafue mtu mtandaoni.

Tano, kwa ndugu zangu wauzaji. Mnaijua habari iliyopokewa ya binti wa Madina aliyekataa amri ya mama yake ya kutia maji kwenye maziwa. Mama alisema Umar hatuoni. Binti akajibu kwamba Mola wa Umar anaona. Sayyidna Umar (r.a.) akamwoza mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdulaziz. Chombo kimoja cha maziwa yasiyotiwa maji, tazameni kilichozaliwa humo!

Mwenye kipato kidogo asijione mnyonge kwa kukosa nyama ya kibandiko. Kilo ya bucha unalolijua, kwa mchinjaji unayemwamini, inaweza kuwa na twayyib kuliko pakiti ya bei mara mbili.

Allah atujaalie riziki ya halali iliyo safi, na atuepushe na kudanganya na kudanganywa. Aamin. Wafikishie na wengine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.