Wazee, Mawakala na Herufi Kumi: historia ya bima ya kuziba pengo la Medicare

Miezi kadhaa kabla Mmarekani hajatimiza miaka 65, barua huanza kumiminika nyumbani kwake. Nyingi hutoka kwa kampuni za bima, zina picha za wazee wenye afya njema, na zinataja mipango kwa herufi: A, G, K, N. Ni mipango ya bima ya nyongeza, maarufu kwa jina la Medigap, anayonunua mstaafu ili imlipie kile ambacho bima ya serikali, Medicare, haikilipi. Mtu akiziona herufi hizo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni mbinu ya wafanyabiashara ya kumchanganya. Ukweli ni kinyume chake. Ziliwekwa na sheria, baada ya wazee kuibiwa waziwazi kwa robo karne.

Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965, mjini Independence, Missouri, mbele ya rais mstaafu Harry Truman aliyekuwa na miaka 81. Truman alikuwa ameipigania bima ya afya ya taifa akashindwa, kwa hiyo Johnson alimpa yeye kadi ya kwanza. Kabla ya hapo karibu nusu ya wazee wa nchi hiyo hawakuwa na bima yoyote ya hospitali. Bima za Marekani zilifungamana na ajira. Ukistaafu, unaachwa peke yako katika umri ule ule ambao mwili unaanza kudai matengenezo.

Lakini kadi ile haikulipa kila kitu, na hilo halikutokea kwa kusahau. Wilbur Mills, mbunge wa Arkansas aliyeongoza kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, aliunganisha mapendekezo yaliyokuwa yakishindana. Sehemu ya hospitali ilitoka kwa wafuasi wa Johnson. Sehemu ya madaktari, iliyochangiwa dola 3 kwa mwezi, ilitoka kwa Warepublican, nao waliichota kwenye bima za kibiashara za wakati ule. Bima hizo zilikuwa na desturi ya kumwachia mgonjwa sehemu ya gharama, na desturi hiyo ikaingia kwenye sheria.

Mpango ulipoanza Julai 1966, mzee aliyelazwa alitoa dola 40 kwanza, kisha serikali ikabeba siku 60. Kuanzia siku ya 61 hadi ya 90 alitoa dola 10 kila siku. Baada ya hapo, bili yote ilikuwa yake. Kwa daktari alitoa dola 50 za mwanzo kwa mwaka, halafu asilimia 20 ya kila malipo yaliyokubaliwa. Asilimia hiyo 20 haikuwekewa kikomo, na hadi leo Medicare ya asili haina kikomo cha kile ambacho mgonjwa anaweza kudaiwa kwa mwaka. Nionavyo mimi, hapo ndipo penye uzito wa habari hii yote. Asilimia 20 ya kipimo cha damu ni fedha ndogo, lakini ya matibabu ya saratani ya mwaka mzima inaweza kumla mtu akiba yake yote.

Kampuni zilikuwa tayari mlangoni. Tangu miaka ya 1950, Ethel Percy Andrus, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya sekondari Los Angeles, alikuwa akizunguka akitafuta kampuni ya kuwakatia bima walimu wastaafu. Nyingi zilimkatalia, kwa hoja kwamba wazee ni hasara. Hatimaye wakala mmoja wa Poughkeepsie, New York, Leonard Davis, akamsaidia kuipata iliyokubali. Mwaka 1958 Andrus alianzisha chama cha wastaafu wote, AARP. Medicare ilipokuja, biashara hiyo ya kuwauzia wazee bima ilielekezwa kwenye kuziba pengo lililoachwa, na mpaka leo bima yenye jina la AARP, inayotolewa na UnitedHealthcare, ndiyo yenye wateja wengi zaidi katika soko hilo.

Kwa hiyo hitaji lilikuwa la kweli. Waliolitumia vibaya ni wale waliogundua kwamba hofu ya mzee inauzika. Katika miaka ya 1970 mawakala walipita nyumba kwa nyumba. Wengine walijitambulisha kana kwamba wametumwa na Medicare. Walimuuzia mjane bima ya pili, ya tatu, ya nne, bila kumwambia kwamba mikataba mingi ilikuwa na kifungu cha kukataa kulipa kitu kilichokwishalipwa na bima nyingine. Wengine walijaza fomu wenyewe na kuacha makusudi ugonjwa wa moyo au kisukari alioutaja mteja. Mteja akiugua, kampuni inamwambia alificha hali yake. Kisha akaja wakala mwingine kumshawishi aache bima ya zamani achukue mpya, na kipindi cha kusubiri kikaanza upya. Kamisheni ndiyo iliyowasukuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya ada ya mwaka wa kwanza iliingia mfukoni mwa wakala, na ya miaka iliyofuata ilikuwa ndogo.

Mwaka 1978 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia masuala ya wazee, chini ya Claude Pepper wa Florida, iliyaanika hayo hadharani. Walikutwa wazee wenye bima zaidi ya kumi kila mmoja. Huko Oregon, mwanasheria kijana aliyeitwa Ron Wyden, aliyekuwa akitoa msaada wa kisheria kwa wazee, alikuwa akiyaona mambo hayo majumbani. Amesimulia mara nyingi jinsi mzee alivyokuwa akienda chumbani na kurudi na boksi la viatu lililojaa mikataba ya bima, aliyoilipia kwa uaminifu, mingi ikiwa haina faida yoyote juu ya ile ya kwanza.

Tiba ya kwanza ilikuwa nyepesi mno. Mwaka 1980 Bunge la Marekani, Congress, lilipitisha marekebisho ya Seneta Max Baucus wa Montana. Yaliweka viwango vya chini, pamoja na lengo kwamba bima ya mtu mmoja mmoja irudishe kwa wateja, kama malipo ya matibabu, angalau senti 60 za kila dola ya ada. Lakini kwa kampuni kuomba ithibati ya serikali kuu lilikuwa jambo la hiari, na mikataba iliendelea kuandikwa kila mmoja kwa namna yake. Mzee mwenye mikataba miwili mezani hakuwa na namna ya kuilinganisha. Hata mwanasheria angetoka jasho.

Serikali ikajaribu njia nyingine, yaani kulifunga pengo lenyewe. Julai 1988 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowekea kikomo gharama za mgonjwa na kuanza kulipia dawa. Ilikuwa hatua kubwa kuliko zote tangu 1965, na ilikufa kabla haijatimiza mwaka mmoja na nusu. Gharama yake ilibebeshwa wazee wenyewe, kwa kodi ya ziada iliyofika dola 800 kwa mwaka kwa wenye kipato kikubwa. Wengi wao tayari walikuwa na bima ya nyongeza kutoka kwa waajiri wao wa zamani, wakaona wanalipia mara mbili. Agosti 1989, Chicago, kundi la wastaafu lilimzingira mbunge wao Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ile ile iliyowahi kuongozwa na Mills. Waliligonga gari lake kwa mabango, na mama mmoja mzee akajilaza juu ya boneti. Mbunge alishuka, akakatiza kwenye kituo cha mafuta kwa miguu, akatimua mbio hadi gari lilipomfikia. Kabla mwaka haujaisha Congress iliifuta sheria. Walioumia ni wazee maskini kidogo, wasio na mwajiri wa kuwakatia bima, wale ambao hawakuwa Chicago siku hiyo.

Pengo likabaki, basi ikabidi soko litiwe adabu. Wyden, ambaye sasa alikuwa mbunge, alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya Novemba 1990. Iliamuru bima zote za nyongeza ziwe za aina kumi tu, kuanzia A hadi J, na utaratibu huo ukaanza kutumika mwaka 1992. Mpango C wa kampuni moja ukawa sawa kabisa na Mpango C wa nyingine. Kilichobaki kutofautiana ni bei na huduma. Kumuuzia mtu bima ya pili inayorudia ile aliyo nayo kukawa kosa la kuadhibiwa. Kamisheni ya mwaka wa kwanza ikawekewa mpaka. Majimbo matatu, Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, yaliruhusiwa kubaki na mifumo yao, kwa sababu yalitangulia kujiwekea taratibu.

Sioni sheria nyingine ya wakati ule iliyowasaidia wazee kwa gharama ndogo namna hiyo. Haikuwataka wawe werevu kuliko wakala. Iliondoa mtego wenyewe.

Herufi zimebadilika tangu hapo. Medicare ilipoanza kulipia dawa mwaka 2006, mipango iliyobeba dawa haikuuzwa tena kwa wateja wapya. M na N zikaja mwaka 2010, E, H, I na J zikaondoka. Tangu 2020, wanaoingia Medicare hawawezi kuchukua C wala F. Mipango kadhaa, G na N ikiwemo, hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura nje ya nchi katika siku 60 za mwanzo wa safari, baada ya mteja kutoa dola 250, hadi jumla ya dola 50,000 katika maisha yake. Hilo linawagusa Wakenya na Watanzania waliozeekea Marekani na wanaokuja kusalimia nyumbani, maana Medicare yenyewe, isipokuwa kwa nadra sana, hailipi hospitali ya Mombasa wala ya Dar es Salaam.

Sheria ya 1990 iliacha mlango mmoja mwembamba. Kampuni inalazimika kumkubali mteja, awe mgonjwa au mzima, kwa miezi sita tu tangu anapokuwa na miaka 65 na kujiunga na sehemu ya madaktari. Muda huo ukipita, katika majimbo mengi inaweza kuuliza maswali ya afya na kumkataa, ukiacha hali chache zilizotajwa kisheria. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zimempa mzee ulinzi mpana zaidi. Kwingineko hali inazidi kuwa nzito, kwa sababu zaidi ya nusu ya wanachama wa Medicare sasa wamo kwenye Medicare Advantage, mipango ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya ile ya asili, mara nyingi bila ada ya ziada, lakini kwa orodha yake ya madaktari na vibali vyake. Mtu anaijaribu akiwa na afya, na mwaka wa kwanza anaweza kurudi na kupata Medigap bila kuulizwa. Akigundulika na saratani akiwa na miaka 72 na akamtaka daktari asiye kwenye orodha, ataruhusiwa kurudi Medicare ya asili kila msimu wa Oktoba hadi Desemba. Bima ya nyongeza ndiyo anayoweza kunyimwa, na ile asilimia 20 isiyo na kikomo inakuwa deni lake.