Bei ya Nyumba Katika Voi na Milima ya Taita

Ukitoka Voi ukishika njia ya magharibi, utafika Mwatate baada ya mwendo wa kilomita 25 hivi. Kutoka hapo barabara huanza kupanda kwa kona nyingi, nawe ukiwa mvumilivu utaingia Wundanyi, mji uliokuwa kwa miaka mingi makao makuu ya wilaya ya Taita. Safari yote haifiki saa mbili. Hata hivyo, katika mwendo huo mfupi kodi ya chumba hushuka. Na ajabu yenyewe, msomaji, ni kwamba kujenga mlimani kuna gharama zaidi kuliko kujenga bondeni. Saruji na mabati kutoka pwani hufika Voi kwanza, ndipo yapakiwe kwenye lori na kupandishwa mlimani, kila mfuko ukibeba nauli juu yake. Basi yawezekanaje nyumba iliyogharimu fedha nyingi ikodishwe kwa fedha chache? Jibu halimo katika matofali. Limo katika ardhi iliyo chini ya nyumba, na katika mambo yaliyoipata ardhi hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1848, Johannes Rebmann alipopita Taita akielekea nchi ya Wachaga, hapakuwa na mji wa Voi. Palikuwa na mto tu katikati ya nyika kavu. Watu waliishi vilimani, Dawida, Sagalla na Kasigau, kwa kuwa huko kulikuwa na mvua, chemchemi na usalama. Mahali palipojulikana kwa misafara ya pwani ni Taveta, penye kivuli, maji na chakula tele. Laiti mtu angeuliza wakati huo ni wapi panapofaa kujengwa, hakuna ambaye angemwonyesha Voi.

Reli ndiyo iliyopindua mambo. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukavuka nyika na kupita Voi kabla ya kazi ya daraja la Tsavo, mwaka 1898. Gari la moshi lilihitaji maji, kuni na watu wa kulihudumia. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka na Wajerumani wakaitwaa Taveta mwaka 1914, Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kwenda magharibi, nayo mwaka 1916 ikavuka mpaka na kuungana na reli ya Moshi. Tangu hapo Voi ikawa njia panda. Pia ikapata watu wa namna mpya: makarani, mafundi, wenye maduka na vibarua, wote wageni wasio na shamba la babu mahali hapo. Mtu wa namna hiyo lazima apange. Hapo ndipo kodi ya nyumba ilipozaliwa.

Lakini wingi wa watu peke yake haupandishi bei, maana nyika ni pana. Utatazama kutoka Voi usione mwisho wake, useme, “Ardhi hii yote, kwa nini watu wabanane?” Ni kwa sababu ardhi nyingi ilikuwa imekwisha gawanywa. Serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa maili moja kila upande wa reli. Sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliifanya nchi kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na maeneo makubwa yakakodishwa kwa wenye mashamba ya mkonge huko Voi, Mwatate na Taveta. Kisha mwaka 1948 ikaundwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, ambayo leo imechukua zaidi ya nusu ya kaunti nzima. Voi ikabaki kama mtu aliyeketi kati ya mabunda: mbuga huku, mkonge kule, reli katikati. Mji ukakua, lakini mipaka yake haikukua.

Wakazi wa milimani hawakunyamaza. Chama cha Teita Hills Association, kilichotetea ardhi ya wenyeji, kilipigwa marufuku mwaka 1940. Huko juu mashamba yalikuwa ya koo, yakigawanywa kutoka baba hadi mwana mpaka yakawa vipande vidogo. Shamba la namna hiyo halinunuliwi upesi na mgeni, na mwenye kipande chake hujijengea mwenyewe. Kwa hiyo wapangaji ni wachache na kodi ni ndogo. Wahenga walisema, “Penye miti hapana wajenzi.” Kumbe nyumba ya mlimani si rahisi kwa sababu ardhi ni tele, ni rahisi kwa sababu ardhi haiingii sokoni.

Tazama sasa mfano mmoja wenye mafunzo. Katika Voi uko mtaa uitwao Tanzania-Bondeni, ambao wakazi wake walijenga vibanda juu ya ardhi isiyokuwa yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa serikali pamoja na wafadhili wa Kijerumani ulipokuja kuutengeneza mtaa, wenyeji waliulizwa wanataka hati za namna gani. Wengi walijua kwamba maskini akipewa hati ya peke yake, tajiri hufika kesho na mfuko wa fedha, na keshokutwa maskini yule amehamia kibanda kingine. Basi wakachagua njia isiyokuwa ya kawaida nchini: ardhi iwe ya jumuiya yote, na kila mtu awe na nyumba yake tu. Nyumba yaweza kuuzwa, ardhi isiuzwe. Jambo hilo lina usumbufu wake, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kuiweka ardhi rehani ili apate mkopo. Lakini lilionyesha kwamba bei ya nyumba si kama mvua, ishukayo tu kutoka mbinguni. Hutokana na kanuni walizoziweka watu, na watu waweza kuzibadili.

Bei hizo bado zinabadilika. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa, ikiwa na stesheni Voi. Na barabara ya lami ya kwenda Taveta imeisogeza Mwatate karibu na mji. Mahali palipokuwa vichaka pamepimwa viwanja.

Nawe msomaji, utakapokuwa mtu mzima utatafuta mahali pa kujenga. Utakaposikia bei ya kiwanja, usiulize tu ni shilingi ngapi. Uliza ardhi hiyo ilikuwa ya nani, nani aliichukua, na njia gani ilipita karibu nayo. Ukiyajua hayo utajua pia nani atafaidika bei ikipanda, na nani atafungasha mizigo yake.