Nukta mbili, mstari mmoja, miaka elfu mbili

Mpe mwanafunzi wa sekondari nukta mbili, (1, 3) na (4, 9), umwambie atafute mlinganyo wa mstari unaopita hapo. Atatoa 3 kwenye 9 apate 6, atoe 1 kwenye 4 apate 3, agawanye: mteremko ni 2. Atarudi kwenye nukta ya kwanza, aandike y − 3 = 2(x − 1), kisha arahisishe: y = 2x + 1. Wino haujakauka, kamaliza.

Euclid wa Alexandria asingeweza. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo mwanzoni mwa kitabu chake alikubali kwamba kutoka nukta yoyote hadi nyingine mstari mnyoofu huchoreka. Huchoreka, basi. Kuuandika kwa namba na herufi hakukuwapo.

Aljebra na jiometri zilifungishwa ndoa katika miaka ya 1630, na washenga walikuwa Wafaransa wawili wasioivana. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alionyesha kwamba mlinganyo wa daraja la kwanza wenye x na y ni mstari mnyoofu. Andiko lake lilipita mkono kwa mkono. Lilichapwa 1679, miaka 14 baada ya kifo chake. René Descartes hakungoja. Kitabu chake, La Géométrie, kilitoka Leiden mwaka 1637, na sifa zikamwendea yeye. Lakini kifungue utafute ile mihimili miwili ya x na y inayokatana kama msalaba: hutaiona. Descartes alikuwa akihangaika na mikunjo migumu; mstari mnyoofu haukumshughulisha.

Aliyeupa heshima yake ni Jan de Witt, kiongozi wa serikali ya Uholanzi, katika kazi iliyochapwa yapata 1660. (Mwanasiasa wa kuandika jiometri!) Hata hivyo fomula ya darasani ilisubiri hadi mwishoni mwa karne ya 18, Gaspard Monge na Sylvestre Lacroix walipoieleza kwa herufi tupu, bila kuegemea mchoro.

Na ile herufi m ya mteremko? Mwalimu akikuambia imetokana na neno la Kifaransa monter, yaani kupanda, msikilize kwa adabu tu. Descartes, Mfaransa halisi, hakuitumia.