Kinga juu ya bisi: safari kati ya Kinsevere na Lubumbashi

Kinsevere iko kaskazini mwa muji wa Lubumbashi, umbali wa kilometa karibu 30. Inje ya jimbo la Haut-Katanga, fasi hii inajulikana zaidi kwa ajili ya mgodi wa shaba ambao kampuni ya MMG ilichukua mwaka wa 2012. Lakini mwenye kupita njia hiyo asubuhi anaona kwanza kinga zilizobebeshwa makala. (Wasomaji wa Kivu wasishangae: huku Katanga baiskeli inaitwa kinga.)

Makala inaingia mjini kila siku juu wamama wengi bado wanapikia nayo. Waya za umeme kutoka Inga zilifika Kolwezi miaka ya 1980, ila zilivutwa kwanza kwa ajili ya migodi, na jikoni za mitaa zilibaki na mbabula.

Wakati wa kwenda, mwenye makala hatafuti bisi. Anafunga mifuko mbili ao tatu nyuma ya kinga, na kwenye mlima anashuka na kusukuma. Bisi anaifikiria wakati wa kurudi. Amekwisha kuuzisha, jua linashuka, miguu imechoka, na malori ya migodi yanainua vumbi ambamo shofere haoni vizuri mtu wa kinga. Hapo anapaswa kuchagua: kukanyaga mpaka nyumbani, ao kulipa.

Ndani ya Hiace hakuna fasi ya kinga. Inapandishwa juu, kwenye chuma za mizigo, pamoja na mifuko ya unga, bidoni na mikeka. Bei ya mtu inajulikana na kila abiria, lakini bei ya kinga inasikilizwa palepale na konvwayere. Asubuhi bisi ikiwa nusu tupu anakuwa mpole. Jioni watu wakisukumana mlangoni, anajua wewe ndiye mwenye haraka. Kwa hiyo uliza mbele ya kinga kuondoka chini: "Yaya, mimi na kinga, yote pamoja ni ngapi?" Neno "pamoja" ni la maana sana. Wengi wanaosahau kulisema wanadaiwa mara ya pili wakati wa kushuka, na pesa hiyo inatoka kwenye faida ya makala.

Kwenye treni mambo ni tofauti. Mzigo mkubwa unapimwa, unaandikwa, na mwenyewe anabaki na karatasi. Kwa bisi karatasi haiko. Rayo zikivunjika ao janti ikipinda, shofere anasema kinga ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na mwenyewe hana kitu cha kumuonyesha. Dawa yake ni ndogo: zungusha magurudumu mawili mbele ya konvwayere kabla ya kufunga, abiria wengine wakiona.

Kufunga kwenyewe hakutaki haraka. Kinga nyingi za kutoka China na India ni nzito, karibu kilo 20, na zikilegea juu ya gari zinaweza kumuangukia mtu njiani. Legeza gido na uigeuze ilingane na kadre. Kama uko na ufunguo wa 15, toa pedale, juu ndizo zinatoboa mifuko ya wenzako na kuleta maneno. Laza kinga upande usio na shene. Ipande ya mwisho, juu ya mizigo mingine. Ikikaa chini ya mifuko ya unga, janti haitapona. Kamba za mpira uliokatwa kwenye shambreri ya zamani zinashinda kamba ya nailoni, kwa sababu zinavutika wakati gari linaruka kwenye mashimo. Funga kadre fasi mbili, usifunge rayo.

Kipindi cha mvua, tangu Novemba mpaka Machi, shida inaongezeka. Matope yanapunguza idadi ya magari yenye kukubali njia, na wale wanaokubali wanachagua mizigo. Wauzaji wengine wanasikilizana wawili ao watatu na kutafuta lori tupu linalorudi. Kwenye lori kinga inasimama wima na haipindi, lakini mwenyewe anakaa juu, bila kiti, ndani ya mvua.

Ukishuka, usimuache shofere aondoke mara moja. Zungusha tena magurudumu, gusa breki, angalia shene. Gari likikwisha kuingia vumbini, hakuna wa kuuliza.