Lukenya: Wakazi wa Kale Kuliko Piramidi

Piramidi Kuu ya Farao Khufu, kule Giza, ina umri wa takriban miaka 4,500. Fuvu la binadamu lililofukuliwa katika kilima hiki cha Lukenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lina takriban miaka 23,000. Mwanaakiolojia Richard Michael Gramly alilikuta vipande vipande kwenye pango ambalo watafiti huliita GvJm-22. Umri wake ulithibitishwa upya mwaka 2015.

Watu wa Lukenya hawakujenga makaburi ya kifalme. Waliishi chini ya miamba hii, wakawinda kwenye nyanda za Athi na Kapiti, hata aina ya swala wa jamii ya nyumbu ambaye leo ametoweka duniani. Visu vyao vidogo vilichongwa kwa kwatzi na kwa kioo cheusi cha volkano, ambacho sehemu yake ilitoka Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 60 kutoka hapa. Kioo hicho kilifikaje hapa: kwa safari zao wenyewe, au kwa kubadilishana na majirani? Na kwa nini umbo la fuvu hilo linatofautiana na la Waafrika wa leo? Utafiti unaendelea.

Mgeni, tafadhali usiokote jiwe wala kugusa michoro ya miambani.