Kelele Iliyofanyiwa Mazoezi: Funzo la Saksafoni kwa Wanaodai Haki

Mnamo Novemba 1961, mhakiki John Tynan aliandika katika jarida la muziki la DownBeat nchini Marekani kwamba alichokisikia kwa John Coltrane na mwenzake Eric Dolphy kilikuwa muziki unaoupinga muziki wa jazi wenyewe. Wakati huo Coltrane alikuwa na umri wa miaka 35, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa ameitumia kujifunza ala yake. Sina haja ya kubishana na masikio ya mhakiki yule. Ninalouliza ni swali la kisiasa: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba sauti hii ni muziki na ile ni kelele?

Swali hilo si la wanamuziki peke yao. Neno “kelele” limezoeleka katika vinywa vya wenye madaraka. Huambiwa wanafunzi wanaogoma, wafanyakazi wanaodai malimbikizo ya mishahara, na wanakijiji wanaouliza ardhi yao imekwenda wapi. Katika makala haya ninatetea hoja mbili ambazo kwa haraka huonekana kupingana. Ya kwanza ni kwamba mengi yaliyoitwa kelele katika historia ya saksafoni yalikuwa maarifa. Ya pili ni kwamba yalifikia kuwa maarifa kwa sababu wenyewe waliyatolea jasho.

Tuanze na ala yenyewe. Adolphe Sax, mzaliwa wa mji wa Dinant katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji, alipata hataza ya saksafoni nchini Ufaransa mwaka 1846. Bendi za jeshi ndizo zilizoikumbatia mapema: mwili wa shaba wenye sauti ya kufika mbali, na kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema mdomoni. Mwaka 1857 Sax alianza kuwafundisha wanafunzi wa kijeshi katika chuo kikuu cha muziki cha Paris. Vita vya Ufaransa na Prusia vya mwaka 1870 vilipozuka, darasa likafungwa, na halikufunguliwa tena hadi 1942. Kwa zaidi ya miaka 70 chuo kile mashuhuri hakikuwa na mwalimu wa saksafoni. Ala ikaendelea kuishi katika bendi, sarakasi na kumbi za dansi, mikononi mwa watu waliokuwa huru kuijaribu kwa kuwa hapakuwa na profesa wa kuwakataza.

Majaribio hayo ndiyo yaliyozaa mbinu ambazo leo mwanafunzi wa ngazi ya juu hulazimika kuzijua. Iko mbinu ya kunguruma, ambapo mpigaji huguna kooni huku akipuliza, sauti mbili zikagongana na kutoa mkwaruzo. Liko pigo la ulimi, ambapo ulimi huufyonza mwanzi kisha kuuachia ghafla, ukalia kama kizibo kinachofunguliwa. Ziko noti za juu sana, zinazopita kiwango ambacho vitufe vya ala vilikusudiwa kufikia. Iko mbinu ya kutoa noti mbili au tatu kwa wakati mmoja, ilhali ala ilibuniwa kutoa noti moja moja. Na iko mbinu ya kupuliza bila kukata sauti: mashavu huhifadhi hewa na kuisukuma nje huku pua ikivuta nyingine. Hii ya mwisho haitawashangaza wasomaji wa pwani yetu, kwa kuwa wapiga zumari wameijua kwa vizazi vingi na kuisindikizia ngoma, mlio usikatike.

Nimechagua kueleza moja kwa kina, yaani noti za juu, kwa sababu namna inavyofundishwa ina mengi ya kutuambia. Mwanafunzi hushika noti ya chini kabisa. Kisha, bila kusogeza hata kidole kimoja, hujaribu kutoa sauti iliyo oktava moja juu yake, halafu nyingine juu ya hiyo, na nyingine tena. Vidole vimetulia, kinachobadilika ni koo, ulimi na msukumo wa hewa. Wiki za mwanzo hutoka milio ya kutia aibu, na hakuna namna ya kuwaficha majirani. Wengi hukimbilia kuuma mwanzi kwa nguvu, na kuuma huko ndiko kunakoiua sauti. Anayefaulu ni yule anayejifunza kuisikia noti kichwani kabla ya kuipuliza.

Aliyeyafanya mazoezi haya kuwa somo la kitabuni ni Sigurd Raschèr, Mjerumani aliyeondoka nchini mwake Manazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, na baadaye akahamia Marekani. Mwaka 1938 watawala hao walifanya maonyesho mjini Düsseldorf ya kuukashifu muziki walioudai kuwa umeoza. Picha iliyotangaza maonyesho hayo ilimchora mtu mweusi kwa dhihaka, amevaa Nyota ya Daudi, anapuliza saksafoni. Kwa dola ile, ala moja ilitosha kuwakilisha kila binadamu iliyemchukia.

Huko Marekani, Wamarekani Weusi walikuwa tayari wameipa saksafoni lugha mpya. Mwaka 1942 kijana Illinois Jacquet, akiwa na umri wa miaka 19, alirekodi na bendi ya Lionel Hampton wimbo Flying Home, na mlio wake mkali ukaigwa na wapigaji wengi. Coltrane naye alieleza mwaka 1960 kwamba njia ya kutoa noti mbili tatu kwa pamoja alionyeshwa na Thelonious Monk. Monk alikuwa mpiga piano. Hakuwa bingwa wa saksafoni; aliitazama tu ala na kuona kwamba mpangilio tofauti wa vidole, pamoja na marekebisho ya midomo, ungeweza kufanya jambo hilo. Coltrane hakuona haya kufundishwa ala yake na mtu wa ala nyingine. Sisi wenye shahada za uzamivu tungefanya vyema kulitafakari hilo.

Sonny Rollins anatupa mfano mwingine. Mwaka 1959, akiwa maarufu tayari, aliacha kupanda majukwaani kwa sababu hakuridhika na kiwango chake. Chumbani angewasumbua majirani, basi akawa anakwenda kupiga saksafoni juu ya daraja la Williamsburg jijini New York, treni zikipita kando na meli zikipita chini. Alifanya hivyo, majira ya baridi na ya joto, hadi aliporejea jukwaani mwaka 1961. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Rollins aliinama wakati ambapo watu walikuwa tayari kumpigia makofi amesimama.

Tarehe 15 Septemba 1963, wabaguzi wa rangi walilipua kwa bomu kanisa la Wabaptisti mjini Birmingham, jimbo la Alabama, wakaua wasichana wanne. Tarehe 18 Novemba Coltrane alirekodi kipande alichokiita Alabama. Mtu angetarajia mayowe kutoka kwa yule aliyeitwa mpiga kelele. Kinachosikika ni sauti ya taratibu, nzito, kama ya mtu anayezungumza makaburini, na piano ikivuma chini yake. Aliyekuwa na uwezo wa kupiga kila yowe alichagua kutolipiga. Chaguo hilo lina uzito kwa sababu alikuwa nalo.

Yuko pia Rahsaan Roland Kirk, kipofu aliyeweza kupuliza ala tatu kwa pamoja na kuendelea bila kukata pumzi. Mwaka 1970 yeye na wenzake waliingia kama watazamaji katika urekodiaji wa kipindi cha televisheni cha Merv Griffin na kuuvuruga kwa filimbi, wakidai wanamuziki Weusi wapewe nafasi katika televisheni. Januari 1971 Kirk alikuwa jukwaani katika kipindi cha Ed Sullivan. Filimbi ilifungua mlango. Mlango ulipofunguka, alikuwa na kitu cha kupiga.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni hili: kabla hujaandika katika taarifa yako kwamba wananchi “walipiga kelele,” uliza walikuwa wanasema nini. Mlio unaokwaruza masikio yako huenda ni noti ambayo ofisi yako haijazoea kuisikia.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina neno gumu zaidi. Kupaza sauti ni haki yenu, lakini haki haitoi maarifa. Someni bajeti, someni sheria, someni kumbukumbu za vikao, na mkubali kufundishwa hata na mtu asiye wa fani yenu. Mtakapoitwa wapiga kelele, na mtaitwa, muwe mmeyafanya mazoezi ya darajani.